Sahani ya Bila

Karatasi ya daktari nimeikunja mara nne,
iko kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho,
na mkunjo umeanza kuchanika
hapo hapo palipoandikwa kitunguu.

Moshi, Jumamosi, saa saba mchana.
Mgahawa wa Aikande, nyuma ya soko la Mbuyuni.
Mlima umejifunika gubigubi, hautaki salamu.
Tuko sita, kamati ya sendofu ya Ndeanasia,
na wenzangu wanaagiza bila kutazama ukuta wa bei:
mtori, machalari, kongoro,
wali maharage, chapati mbili, hapana, lete tatu,
na pilipili kando.
Anaeli anaandika, ulimi pembeni mwa mdomo.
Kisha kalamu inanigeukia mimi.

Nimefanya mazoezi nyumbani, mbele ya karo,
kama mtoto anayetumwa dukani akirudia chenji.
"Mtori wenu una vitunguu?"
"Mama, mtori bila vitunguu si uji huo?"
"Na maziwa?"
"Kidogo tu, ya kulainisha."
"Samaki je?"
"Wa unga wa ngano. Na saumu. Saumu ya kutosha!"
Anasema kwa fahari, maskini,
nami naitikia kwa kichwa kana kwamba nimefurahi.

Meza imenyamaza.
Mweka hazina anauliza kama naogopa kulogwa.
Mama Kiwia ananitazama kiunoni, anatabasamu:
"Au tukuandalie na wewe shughuli?"
Nina miaka arobaini na tisa, Mama Kiwia.
Huyu aliyemo humu hazaliwi.
Hulia usiku, hugeuka, hupiga teke,
na asubuhi hakuna wa kumpa jina.

"Mchagua jembe si mkulima," anamalizia mwenyekiti.
Sawa. Lakini mimi sichagui jembe, mwenyekiti,
jembe ndilo linalochagua mguu wangu.

Ndipo Aikande anatoka jikoni,
kanga kiunoni, masizi hadi kwenye kiwiko.
Sijui Anaeli amemwambia nini.
Anainyoosha karatasi yangu juu ya meza
pale penye duara la soda,
anaisoma polepole, kidole chini ya kila mstari,
kama anayesoma hati ya shamba.
"Sikudanganyi," anasema.
"Kitunguu kikishaingia sufuriani ni neno lililokwisha kutoka.
Utalitafuta kwa kijiko hutaliona, na limo.
Vyungu vyote vya leo vimeshasema."
Anakuna shavu, masizi yanahamia huko.
"Nina mshale mbichi. Nina chumvi. Nina maji."

Nusu saa. Wenzangu wameshafika kwenye bajeti ya turubai
wakati sahani yangu inapokuja:
vidole vinne vya ndizi, vyeupe, vinavyofuka,
kipande cha kuku aliyechemshwa peke yake
kama mgonjwa wa chumba cha faragha.
Hakuna harufu ya kumgeuza mtu shingo.
Nilikula. Sitasema ilikuwa tamu.
Nitasema usiku ule nililala mpaka jogoo,
na nilipoamka nililishika tumbo, sikuamini, likanyamaza tu.

Bili ilikuja ile ile, elfu saba.
"Na vitunguu visivyokuwepo nimelipia?" nikauliza.
"Hivyo ndivyo ghali," akasema Aikande, akacheka mpaka meza ya tatu.

Sasa nikikanyaga mlangoni tu Anaeli anapaza sauti kuelekea jikoni:
"Mama Bila kafika!"
Jina limenikaa. Hata sokoni wananiita hivyo,
na wanaouza vitunguu ndio wanaolipenda zaidi.

Juzi, meza ya dirishani, jitu la watu,
dereva wa lori la saruji, shingo kama kigogo,
alingoja Anaeli ainame kufuta meza
akamshika mkono wa shati, akanong'ona
akinitazama mimi kwa pembe ya jicho:
"Ile ya yule mama. Ya bila.
Zipo mbili?"