Moja ya Elfu

Jumamosi, soko la Daraja Kavu, Tbilisi.
Theluji imegeuka tope. Gocha ametandika turubai,
juu yake vijiko vya fedha, medali za vita vya watu wengine,
na multimita kumi na moja, chali, kama wagonjwa wa wodi moja.

"Chukua hii ya manjano, Lamara. Inapima hadi volti elfu moja!"

Gocha, sitaki elfu moja.
Nataka moja ya elfu.

Nina lari hamsini na tano mfukoni,
na hamsini na tano haijui kubembeleza.

Ninachokitafuta ni umeme mchanga,
mkondo geu unaozaliwa sindano ikipita kwenye mfereji wa santuri:
milivolti nne; tano, siku ukishiba.
Siafu angeukanyaga asigeuze hata kichwa.

Nimekuja na kisanduku changu cha bati, betri ndani,
kinatoa milivolti tano, hakiongezi, hakipunguzi.
Nikakigusisha na ile ya manjano: sufuri, sufuri, sufuri.
Ngazi yake ya chini kabisa ni volti mia mbili.
Huko ni kumpima kichanga kwenye mizani ya malori.

Ile nyekundu ilisema mapema mno.
Waya zake zinaning'inia hewani, hazijagusa kitu,
tayari inasoma kumi na saba, ishirini, kumi na tatu:
imeokota uvumi wa taa za barabarani, inauapia.
Debe tupu haliachi kuvuma.

Ya kijivu, kioo kimepasuka pembeni,
imetoka maabara ya kiwanda cha chai kilichofungwa.
Nne nukta tisa nane. Ikatulia hapo.
"Bei?"
"Mia na arobaini."
Nikailaza taratibu, uso chini,
nisiione ikinitazama.

Nilikuwa nimeshafunga begi ndipo nikakumbuka
kwamba asiyesikia mnong'ono si lazima apewe sikio jipya;
mnong'onaji anaweza kusogea.
Nikarudi. Nikanunua ya bluu, lari thelathini, ngazi ya volti mbili
(mawimbi yakizidi mia nne kwa sekunde inachoka, najua, Gocha, usiape),
na meza ya jirani, kwa lari tatu,
chipu nyeusi yenye miguu minane.

Usiku, jikoni. Chipu, vikinzani viwili,
betri ya volti tisa, ili mngurumo wa ukutani usipate mlango.
Ikuze mara mia, basi. Nikaijaribu kwa kisanduku cha bati:
nusu volti kasoro unywele.
Kisha santuri ya majaribio, mluzi mmoja usiokata pumzi,
mawimbi mia tatu kwa sekunde.

Kushoto: sufuri nukta nne moja mbili.
Kulia: sufuri nukta sufuri tisa saba.
Nikabadilisha waya. Nikarudia. Nikarudia.

Mwenye gramafoni ni Elizbari wa ghorofa ya tano.
Tangu vuli ameamini sikio lake la kulia linakufa;
kwaya ameiacha,
na mezani siku hizi hukaa ubavu, kama mtu anayetaka kuondoka.

Saa nne na nusu nikampigia.
"Elizbari, ni koili ya sindano. Sikio lako ni zima."

Kimya.
Halafu mkwaruzo mdogo: simu inahama
kutoka sikio moja kwenda jingine.

"Sema tena," akasema.