Mbuzi Isiyo na Meno

Futi tatu na inchi nne, kwa futi saba kasoro.
Nimeipima roshani mara mbili kwa utepe wa cherehani,
mara ya tatu kwa nyayo zangu mwenyewe,
kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole,
hadi paja likagusa chuma cha ukingo
nikaona chini, ghorofa nne, paa la duka la Shaame
na kandambili moja ya mtoto, iko pale tangu Idi.

Kule Kikwajuni tulikuwa na baraza.
Baraza haikununuliwa, haikuchaguliwa;
ilizaliwa na nyumba kama pua na uso.
Ukikaa, umekaa. Anayepita atakusabahi,
atakuuliza mchele umepanda au umeshuka.
Saruji yake ya asubuhi ilinijua makalio.

Hapa Michenzani lazima uchague.

Machano alitaka seti.
"Seti," anasema, kama mtu anayetaja cheo:
kochi la watu watatu, viwili vya mmoja mmoja, meza ya kioo.
Nikampa utepe. Akapima, akapima tena,
akaurudisha bila neno.
Wiki ile ile kochi la Bi Salhina wa ghorofa ya tatu
lilikwama kwenye kona ya ngazi,
wapagazi wanne wakalisukuma, wakaliapiza,
na sisi wa juu tukaswali alasiri majumbani.

Plastiki, je? Nyepesi, rahisi, rangi ya papai.
Lakini nalijua jua la upande huu:
mwaka wa kwanza kiti kinapauka kama ulimi wa mgonjwa,
wa pili mguu unapasuka,
na mgeni wako yuko sakafuni kabla hujamwambia karibu.
Chuma? Kinapendeza kikiwa dukani.
Chumvi ya huku haina likizo.
Kutu ingetia saini yake kwenye kanzu ya Ijumaa.

Nikenda Mwanakwerekwe kwa fundi Vuai,
yule anayezungumza na misumari mdomoni.
Akanionyesha mvule, akanionyesha msaji wa mlango uliovunjwa,
akanitajia bei, nami nikamtajia umri wangu.
Tukanyamaza.
Uani mkewe, Mwanakheri, alikuwa anakuna nazi.
Krr. Krr. Krr.
Akamaliza, akainuka, akaipiga mbuzi kofi moja
ikajikunja, ikawa bapa,
akaitundika msumarini.

"Vuai," nikasema, "nifanyie hiyo.
Ing'oe jino. Iongeze upana, itoshe mtu mzima
(nipime kwa macho, usikawie)
na ziwe mbili, pacha."
Akacheka hadi msumari ukamtoka.
"Watasema umehamishia jiko roshani."
"Waseme. Wakichoka kusema
wapande vidato vyote hivi, waje wakae."

Machano alizibeba, moja kila kwapa,
akazitundika ukutani, akarudi ndani.
Siku tatu hakuzigusa.
Mwanamme, anasema, hakai juu ya mbuzi.
Haina meno, nikamwambia.
Hata kama haina meno.

Usiku wa nne umeme ukakatika.
Pangaboi likazunguka kwa uvivu, likafa.
Nikasikia mbao zinakunjuliwa gizani,
nikasikia mtu anajikohoza kama anayebisha hodi kwake.
Nikatoka na birika.

Kule barazani yeye alikuwa na wenzake wa bao,
mie na wenzangu wa ukili, kila mtu na ncha yake,
miaka thelathini na moja, nafasi tele.
Hapa goti lake halina pa kwenda.
Lilikaa juu ya langu, gumu, la moto kidogo,
hakuliomba radhi.

Akanywa kahawa. Akachungulia chini.
"Ile kandambili pale," akasema, "ya nani?"
"Iko tangu Idi," nikamwambia.
"Sijaiona."
"Ulikuwa hujakaa."