Sehemu ya Nne

Kalunde aliniwekea kwenye flashi kwa buku moja,
dukani kwake, hapo karibu na stesheni,
akasema, "Imetoka. Ya yule mzee wenu wa kamba."
Mzee wenu! Nusura nimrudishie flashi yake.

Miaka ishirini na miwili tumemngoja
tangu Kanyenye, kibanda umiza cha Mihayo Kapela,
magunia ya tumbaku madirishani kuzuia jua,
mabenchi yasiyo na migongo, shilingi hamsini mlangoni
au kopo la asali kwa wiki nzima.
Jenereta ilikohoa nje. Ndani hakukohoa mtu.

Sehemu ya kwanza: daraja la kamba.
Ya pili: mlango wa jiwe, na yule mtoto mbeba taa
aliyejua kusoma ramani kabla ya kujua kucheka.
Tulimwita Kibatari. Jina lake lenyewe hatukulipata,
maana mtafsiri alikuwa Mihayo, na Kizungu cha Mihayo
kiliishia kwenye namba za mabehewa.
Steringi kabla hajafumbua mdomo, yeye keshatangulia:
"Jambazi we, kofi hili litakufikisha Urambo bila tiketi!"
Tuliamini. Mpaka leo naamini.

Sehemu ya tatu aliileta gadi wa treni ya Dar,
na deki ikaitafuna.
Mwishoni kabisa: pango linajaa maji,
Kibatari yuko upande usio na ngazi,
steringi kanyoosha mkono,
chenga.
Mchele mtupu kwenye kioo.

Mihayo akasimama mbele ya mchele ule
akatumalizia kwa mdomo.
Jumamosi hiyo Kibatari alidaka kamba.
Jumamosi iliyofuata alitoka juu ya mgongo wa mamba.
Siku moja Mihayo ana homa, hana nguvu ya mamba,
akamtoa kwa mlango wa nyuma tu,
mlango ambao hakuna aliyewahi kuuona,
na Luhende, pembeni yangu, akalia, akasingizia vumbi.
Hakufa hata mara moja.
Steringi hafi, alisema Mihayo,
na aliyeshikwa mkono na steringi naye hafi.

Jana usiku, basi. Runinga bapa, sauti safi.
Kizungu nakielewa sasa, nakifundisha
kidato cha pili, Isevya.
Steringi ana mvi. Akipanda ngazi anashika goti,
kisha anageuka kutazama kama kuna aliyemwona,
na hapo nilimpenda kuliko siku ya daraja.
Hilo nawapa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Ila anaongea kidogo, na maneno yenyewe ni yale yale ya watu:
twende, ngoja, sijui.
Majoka ya kompyuta. Kila jabali linang'aa
kama sinia la arusi.

Nimeruka mwanzo. Picha inaanza na kaburi.
Jiwe dogo, limechongwa taa,
na jina la Kizungu nisilolijua. Ilinichukua muda.
Chini yake mwaka, ule ule wa pango.
Nikasimamisha. Nikaenda kufunga bomba
lililokuwa limefungwa.

Nyuma ya nyumba treni ya Kigoma ilikuwa ikipangwa,
behewa likigonga behewa.
Mihayo yuko Kitete, wodini, koo halina sauti tangu Machi;
yeye hataulizwa.
Aliyepiga ni Luhende, saa sita usiku, zamuni kwake Kaliua:
"Umeiona? Inazifikia zile?"
Niliisikia pumzi yake, ya mtoto wa benchi la mbele.
Nikasema goti. Nikasema mvi. Nikayatukana majoka.
"Na Kibatari? Yumo?"

Flashi ilikuwa bado ya moto kiganjani.
"Mwanzo umeharibika," nikamwambia, "chenga tupu.
Ukija Jumamosi nitakusimulia."