Jozi Kumi na Moja

Langoni pameandikwa kwa rangi nyekundu:
HAKUNA BUTI, HAKUNA KAZI.
Kapita Semivumbi hatazami uso wa mtu.
Anaanzia chini. Anagonga ncha kwa nondo,
chuma kikiitika ndani, anasema, "Pita."

Wachonga mawe ni arobaini.
Buti, mimi ndiye ninayezijua: jozi kumi na moja,
juu ya gunia langu, hapa hapa Ndosho.
Kuvaa mpaka jioni, faranga elfu mbili.
Kuvaa kupita lango tu, mia tano.
Hakuna aliyewahi kukodi mpaka jioni.

Wa kwanza anapita, anazunguka lundo la kokoto,
anavua, anazirusha juu ya ukuta.
Zinaangukia huku nje, puu, puu,
zikiwa na joto la mtu mmoja anaingia mwingine.
Asubuhi nzima buti zinaruka ukuta
kama kuku waliofukuzwa jikoni,
na daftarini mwa Semivumbi
kuna miguu themanini, yote imevaa.

Ndani wanapasua mawe kwa kandambili,
kwa malapa ya tairi,
mmoja kwa soksi mbili na karatasi ya mfuko wa saruji.
Na jiwe la Goma si jiwe la mtoni.
Lilishuka Nyiragongo likichemka,
likala nyumba, likapoa na hasira zake.
Ukilipasua, kingo zake ni chupa.
Kipande mfano wa ukucha
kinaingia unyayoni kimya;
damu ndiyo inayokuletea habari.

Nilijua. Nisiseme sikujua.
Niliziokota, nikazifuta kwa pindo la kitenge,
nikaita, "Arobaini na mbili, ya nani?"
Mguu wa thelathini na tisa ukaitika,
ukajaza matambara mbele.
Nikapokea mia tano yangu.

Jozi yenye kamba za bluu ilikuwa ya mume wangu.
Sikuitenga. Nayo iliruka kama nyingine.

Jumanne aliivaa Bauma, akapita, akairusha.
Haikupita saa, nikasikia ndani nyundo zimenyamaza.
Walimtoa juu ya chukudu,
mguu wa kulia umefungwa fulana,
na fulana ilikuwa nyeupe asubuhi.
Bamba la ukutani lilikuwa limeteleza.
Semivumbi akafungua daftari, akasoma kwa sauti:
"Bauma. Buti: ndiyo."
Akafunga. "Kampuni haidaiwi kitu."

Hospitalini nilimpelekea buti ya kushoto.
Sikujua nipeleke nini kingine.
Akaishika mapajani kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Alhamisi nikatangaza: leo hakuna bei ya kupita.
Ni mia tano ile ile, lakini mpaka jua lizame,
na anayerusha, mimi sidaki.
Wakaingia kumi.
Kumi, maana jozi moja haikuwa jozi tena.
Thelathini wakabaki nje,
na hawakutazama yale maandishi mekundu,
wala kapita, wala ukuta.
Walinitazama mimi.
"Mama Kavira," mmoja akasema, "watoto wangu hawali buti."
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Saa nne Semivumbi akatoka mwenyewe,
akachuchumaa mbele ya gunia,
akauliza kwa sauti ya mtu anayekopa
kama naweza kupata jozi thelathini kabla ya inspekta kufika.

Nikamwambia, muulize aliyeandika langoni.
Mikono yangu ilikuwa na kazi:
nilikuwa nikifunga kamba za bluu
kwenye buti ya kulia, ambayo haikuwa na mguu.