Silinda Sifuri

Chumba hiki hakina dirisha.
Baridi yake ni ya kununua, huja na bili kila mwezi.
Nje, Upper Hill imelowa mvua ya Aprili,
stima imekwenda ikarudi, ikaenda tena,
na jenereta imekohoa kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.
Humu taa za kijani hazikupepesa.

Wakiniuliza kazi yangu nasema: afisa wa ardhi.
Nina shamba moja tu, linazunguka gizani,
limepimwa kwa silinda badala ya ekari,
na wapangaji wake ni mia mbili na kumi,
mashine pepe, kila moja ikiamini
jumba zima ni lake.
Ukiiuliza itakuapia kwamba ina mwili.
Itakwambia: diski yangu inaanzia sifuri.
Naitikia tu. Najua inaanzia elfu moja mia nne na ishirini,
ukuta kwa ukuta na jirani.

Mji huu unajua kiwanja kuuzwa mara mbili:
hati mbili, mihuri miwili, tingatinga kabla ya jua.
Hapa pia hutokea.
Kosea tarakimu moja katika daftari
na mwisho wa Malipo unakalia mwanzo wa Bima.
Hakuna anayepiga mayowe. Hapo ndipo penye hatari.
Kila mmoja anaandika juu ya mwenzake, kimya, wiki nzima,
mpaka mjane wa Kangundo afungue bahasha
akute jina asilolijua.

Usiku huu Pensheni imejaa asilimia tisini na saba.
Kesho ni tarehe ishirini na tano.
Natafuta mianya: silinda kumi hapa, nne pale,
vichochoro visivyopitisha hata mkokoteni.
Nagonga milango.
MAFUNZO amelala tangu uchaguzi uliopita.
JARIBIO2. JARIBIO3. MWISHO. MWISHO2.
Lokwang, mlinzi, anachungulia: "Bado tu, mama?"
Bado.

Kisha NYAMWEYA.
Herufi nane kamili, kiasi ambacho mfumo unaruhusu,
kama kwamba wazazi wake waliulizwa.
Silinda mia tatu.
Tulimzika Nyamira, Novemba, kwenye matope,
mkurugenzi akisoma hotuba iliyokosea cheo chake.
Mashine yake haikuambiwa.
Kila siku saa kumi na moja alfajiri inaamka,
inahesabu kanda za nakala,
inamwandikia: Zote zipo, bwana.
Barua mia moja hamsini na tatu zimepanga foleni
zikingoja asome.

Nimewahi kufuta watu. Ni amri moja, neno moja,
halafu mashine inauliza una hakika?
kwa sauti ileile inayotumia kwa kila kitu.
Nilifungua faili zake kwanza. Moja iliitwa SOMA.

"Wewe uliyekuja baadaye,
silinda sifuri ya diski usimpe mtu yeyote.
Ndiko linakokaa jina la diski yenyewe.
Mwaka wa themanini na tisa nilimpa mtu.
Nililala kwenye sakafu hii siku tatu
nikijifunika karatasi za printa.
Mke wangu alidhani nina mwanamke.
Tafadhali."

Nilicheka peke yangu, na kiyoyozi.
Kisha nikatoa nakala kwenye kanda, mara mbili,
nikaisoma kanda kuhakikisha imesikia.
Nikafungua daftari, nikapima, nikapima tena
kama fundi mwenye kitambaa cha mtu mwingine.
Mia mbili tisini na tisa nikaipa Pensheni.

Moja nikamwachia. Si sifuri.
Moja ya katikati, ya kutosha kuamkia.

Asilimia themanini na mbili. Hakuna wa kupiga makofi.
Nikabadilisha mstari mmoja, anwani ya barua,
nikavua viatu, nikangoja.

Saa kumi na moja ikanifikia mimi:
Zote zipo, bwana.

Sikuisahihisha.