Mkanda wa Harusi ya Mwavita

Mjomba Gwimo alishuka nao kwenye treni ya Alhamisi,
mkanda mweusi, lebo imechunwa kwa ukucha,
umefungwa kwenye khanga pamoja na pasi ya mkaa.
"Picha ya watoto," alisema, "niliinasa Dar, runinga ya bosi."
Hakusema zaidi. Nasi hatukuuliza.

Mwanga, mwaka ule, umeme ulikuwa mgeni wa jioni.
Jenereta la mji likikohoa, tulijua tuna saa tatu.
Butoyi anasukuma mkanda kwa dole gumba,
deki inameza, inacheua, inameza tena,
na yule binti anatokea, meno yamefungwa waya.

Waya zile! Usiku zilinasa sauti za watu wa mwezini
kama redio ya jirani inavyonasa Bujumbura bila kuombwa.
Mwalimu wake wa dansi, mchawi,
aliiba sauti za wanafunzi akazifungia kwenye chupa za chai.
Kiingereza hatukukijua. Chupa ya chai tuliijua.
Mwezi mzima nyumbani kwetu
hakuna aliyefungua ile ya maua mekundu
bila kuitegea sikio kwanza.

Tulijitengenezea waya kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara,
tukatabasamu darasani mpaka Mwalimu Ntibakazi akatutoa nje.
Nje pia tulitabasamu.

Mwisho wake naweza kuusimulia umeme ukiwa umekatika:
binti anakimbilia jiko la shule, moshi umetanda,
anafungua friji kubwa, ndani mwanga wa buluu,
anavuta pumzi, anaingia,
chenga,
chenga,
kisha harusi ya dada Mwavita, Ujiji.

Mpiga picha, jina lake Kiza ingawa kazi yake taa,
alikosa mkanda mtupu siku ile akapewa wetu.
Ndivyo binti alivyopita kwenye baridi
akatokea penye ngoma, sinia za pilau zikielea juu ya vichwa,
bibi harusi ameinama kama anayesoma sakafu,
shangazi Mwamini anatunza noti ya mia tano,
anaichomoa, anaitunza upya mbele ya kamera.
Na pembeni, kwa sekunde nne hivi,
mimi, miaka sita, gauni la njano,
nalilia soda.

Nani angetuambia si filamu moja?
Watoto wa Rusimbi walilipa karanga waje kuniona.
Walisema: ndiye yeye yule binti, amerudi utotoni.
Nilikubali. Karanga zilikuwa za kukaanga.

Juzi nimeipata. Simu, bando la elfu mbili,
nimejifungia chumbani Gungu kama mwizi.
Nimeona zipu mgongoni mwa zimwi.
Nimeona mwezi una mikunjo; ni shuka.
Mchawi anasoma maneno yake pembeni,
macho yanakwenda kulia, yanarudi.
Nikacheka peke yangu mpaka friji ilipofunguka,
hapo nikanyamaza, nikakaa sawa,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa hospitali.

Hakuna chenga.
Binti anaamka kitandani. Ilikuwa ndoto.
Mama yake anamletea maziwa.
Majina yakapanda, meupe, mengi,
sikumjua hata mmoja.

Nikampigia Butoyi, yuko Kasulu, anauza mabati.
Nikamweleza zipu, shuka, maziwa.
Nyuma yake mtu alikuwa anagonga bati.
"Harusi imo?" akauliza.
Haimo.
"Basi hiyo siyo yenyewe," akasema,
akarudi kwa mteja wake.