Saba ya Kopa

Miaka kumi na tisa nimezibeba,
karata hamsini na mbili, mfuko wa kushoto wa koti,
pamoja na leso na risiti za pampu za maji ninazouza,
nikingoja mtu aseme: Belmiro, hebu tuonyeshe.

Kungoja kuombwa ni kazi.
Anayejitokeza mwenyewe huonekana muuza dawa za mba.
Wa kuombwa hukaa kimya, hutafuna zeituni,
na chini ya meza kidole gumba kinakata, kinaficha, kinarudisha,
kinakata, kinaficha,
hata kwenye foleni ya benki, hata kanisani,
Mungu anisamehe, hata padri akiinua kikombe.

Usiku Etelvina hunishika kiganja.
"Acha," husema. "Unachanga shuka."

Jumapili ile tulikuwa Sabugal, ubatizo wa mtoto wa Leopoldino.
Watu arobaini, wanakondoo wawili.
Binamu wa Covilhã aliombwa aimbe, akaimba,
akaombwa tena, akaimba tena, na mafua yake.
Mimi sikuombwa hata chumvi.

Saa saba na nusu usiku, barabara ya kupandia Guarda,
mvua ya Februari, ile ijayo kwa ubavu.
Tochi ikatusimamisha.
Askari kijana, ndevu za kubahatisha,
kifuani ameandikwa Quintela.
Leseni. Bima. Nikatia mkono mfukoni,
pakiti ikatangulia kutoka.
"Hizo za nini?"
"Za kiinimacho, afande."
Akatazama juu, hakuna gari. Chini, hakuna gari.
Zamu yake imebakiza saa tano.
"Basi fanya."

Basi fanya.
Miaka kumi na tisa, ikaja hivyo, maneno mawili,
juu ya boneti ya Renault inayofuka mvuke,
na vidole vyangu vimekufa ganzi, kama nimeviazima.

Nikachanga. Nikatandaza. "Chagua yoyote," nikasema,
akachagua yoyote, yaani ile niliyoitaka,
kwani katika sanaa hii hakuna yoyote,
kuna saba ya kopa,
siku zote saba ya kopa.
Akaimulika, akaitia midomo kimoyomoyo, akairudisha.
Hadi hapo nilikuwa mfalme.

Ndipo upepo wa mlimani nao ukataka kuchanga.
Zikapaa zote. Mzungu wa nne wa uru mtaroni,
ree ya shupaza juu ya buti la afande,
nyingine sijui, labda Uhispania.
Moja ikanata kwenye kioo cha mbele,
mgongo kwetu, uso ndani ya gari.
"Ndiyo yangu?" akauliza askari
kwa sauti ya mtoto aliyeamshwa.

Nilikuwa nimeiandalia siku hii kila kitu,
maneno, mzaha, hata namna ya kuinama.
Upepo sikuuandalia.

Dirisha la abiria likashuka, upana wa vidole viwili.
Etelvina, ambaye hajawahi kuzichekea karata zangu,
aliyeapa mara mbili kuzitia motoni,
akatoa pua tu.
"Saba ya kopa," akasema. "Na mimi nasikia baridi."

Askari akapiga ishara ya msalaba.
Kabla hajanyoosha mkono aibandue, aigeuze,
mkono wa Etelvina ukavuka usukani, ukawasha waipa.
Mara moja tu. Karata ikaenda gizani.

Hatukutozwa faini, na taa yetu moja ya nyuma ilikuwa imekufa.
Nikanyamaza hadi kituo cha mafuta.

"Ilikuwa ipi?"

"Tatu ya pau," akasema, macho ameyafumba.
Kisha, nilipodhani amelala:
"Tena yule kijana hakuitazama mikono yako hata kidogo.
Alikuwa akikutazama uso.
Uso, Belmiro. Kila siku nakwambia, uso."